Zipu ya Mgongoni

Kazi yangu ya kwanza ya maana Guangzhou ilikuwa kukaa ndani ya tangi la maji ya barafu. Nje jua linachoma, wapagazi wanapita na marobota fulana zimewaganda mgongoni, na mimi nimezama mpaka utosini katika tangi la saruji ambalo zamani lilikuwa la kufulia suruali za jinzi. Kila asubuhi gari la wauza samaki lilitushushia mapande ya barafu. Tuliyatumbukiza, tukasubiri kipimajoto kishuke, kisha nikavaa suti na kuingia.

Karakana yenyewe ilikuwa Xintang, pembeni mwa jiji, ambako kila mlango unaoufungua unakutana na jinzi. Laoban wetu, maana ndivyo wanavyomwita tajiri huku, alikuwa mshona jinzi kama wenzake wote kabla ya kuamua kujaribu suti kavu. Suti kavu ni vazi la wapiga mbizi wa maji baridi. Linaziba shingoni na kwenye vifundo vya mikono kwa mpira, linafungwa kwa zipu nzito isiyopitisha maji, na ukishalivaa unabaki mkavu ndani kama uko sebuleni. Zipu ya suti zetu ilikuwa mgongoni, inakata kutoka bega hadi bega, kwa hiyo hakuna anayeweza kujifungia mwenyewe. Lazima mtu asimame nyuma yako.

Mimi ni mtu wa Unguja. Nilifanya kazi miaka saba kuongoza watalii chini ya maji, kaskazini mwa kisiwa, kabla mjomba wangu hajaniita China nimsaidie kununua nguo. Biashara ya mjomba ilipolegea akarudi nyumbani. Mimi nikabaki, sina kazi inayoeleweka, naokota vibarua vya kufunga mizigo.

Aliyenitoa huko alikuwa dada mmoja wa kwetu. Hatukuwa ndugu wa damu, lakini ugenini udugu hautafuti vyeti. Alisoma chuo hapa hapa China, na Kichina chake kilikuwa kizuri mpaka madereva wa teksi wakageuza shingo kumtazama. Yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na wateja wa nje kwa niaba ya laoban. Siku moja kwenye mgahawa wa Watanzania alinisikia nikisimulia habari za mbizi, akaweka kijiko chini.

"Wewe ni mpiga mbizi kweli, au unatuuzia maneno?"

"Kweli, dada. Na cheti ninacho."

"Basi kesho usiende kokote. Nitakupitia."

Ndivyo nilivyoingia kwenye tangi.

Kuna jambo lazima nilieleze, la sivyo yaliyofuata hayatakuwa na uzito wake. Mamangu alifariki mimi nikiwa na miezi minane tu Guangzhou, na sikuweza kusafiri. Dada huyu ndiye aliyekusanya watu nyumbani kwake. Alipika, akatandika mikeka, akamwita mtu wa kusoma. Viatu vilijaa ngazini mpaka jirani wa Kichina akatoka kuuliza kuna nini. Hitma ilipokwisha na watu walipoondoka, alikaa na mimi chini ukutani, akaniambia, "Kuanzia leo mimi ndiye mwenyeji wako. Ukiumwa, ukikwama, ukikosa mtu wa kumwambia, mimi nipo." Nilimwamini. Sikuwahi hata kujiuliza kama namwamini.

Kazi ya tangi ilikwenda vizuri. Nilikaa majini, nikainama, nikanyoosha mikono, nikapiga magoti, kisha nikatoka na kuvuliwa, na fundi akaikagua nguo yangu ya ndani kutafuta palipolowa. Fundi huyo alikuwa mama wa makamo, mfupi, vidole vimekauka kwa gundi. Tulimwita ayi, yaani shangazi. Kichina changu kilikuwa cha sokoni, naye alikuwa na lafudhi yake ya kijijini, lakini tulielewana. Akiona doa la maji alilizungushia chaki na kutikisa kichwa: "Bu xing." Haifai.

Kulikuwa na suti moja ya kijivu, iliyoshonwa kwa vipimo vyangu ili iwe ya maonyesho. Hiyo ilikuwa inavuja. Kila nikiingia nayo nilihisi uzi wa baridi ukishuka kutoka bega la kushoto. Ayi aliipuliza hewa, akaipaka povu la sabuni, na mapovu yakachemka pale pale kwenye meno ya zipu. Aliniwekea kidole changu juu yake nipapase. Meno mawili yalikuwa yamekaa upande. Zipu ilikuwa ya bidhaa za zamani, imelala ghalani siku nyingi.

Wakati huo laoban alikuwa amepata mteja wa kwanza mkubwa, mwanamke mwenye duka la vifaa vya mbizi huko Aislandi, kisiwa cha kaskazini kabisa mwa dunia. Huyo mama hakutaka picha wala maneno. Alitaka kuiona suti ikiingia katika maji yao. Kuna ufa mkubwa huko, umejaa maji ya barafu iliyoyeyuka, pale ambapo mabamba mawili ya ardhi yanaachana. Maji ya humo hayapandi juu ya digrii mbili tatu, iwe kiangazi, iwe masika. Mimi ndiye nitakayeingia, dada atakuja kama mkalimani na mpiga picha.

Viza zilipotoka nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Wapiga mbizi wote wameusikia ufa ule. Huko nyumbani watalii walikuwa wakinisimulia, nami nikiwasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mwezini.

Siku moja kabla ya safari nilimuuliza dada, tukiwa tunakunja suti ya kijivu kuiweka sandukuni.

"Zipu imebadilishwa?"

"Imebadilishwa."

"Una hakika? Ile ya zamani siingii nayo."

Akacheka, akanipiga begani. "Nimesimama mwenyewe kichwani kwa ayi mpaka akamaliza. Hebu acha wasiwasi, kaka'ngu, utanitia na mimi baridi ya tumbo."

Ningeweza kuipapasa zipu kwa kidole. Ilikuwa mbele yangu. Sikuipapasa kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa.

Tulifika Aislandi siku ya upepo. Ardhi yenyewe nyeusi, mawe yaliyoungua yamevikwa kuvu ya kijani, na hakuna mti. Mteja wetu alitupokea, mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi, hana maneno mengi. Alikuja na kiongozi wa mbizi ambaye angeingia pamoja na mimi. Tulivaa mavazi kando ya njia, theluji nyepesi ikituangukia. Dada alisimama nyuma yangu. Alivuta zipu kutoka bega moja hadi jingine, nikasikia ikikwama kidogo katikati, akaivuta tena, ikapita. Akanipapasa mgongo mara mbili. Mteja alikuwa amesimama hatua tatu tu, mikono mifukoni, anatazama.

Tukashuka ngazi za chuma, tukaingia.

Sijui nitalielezaje lile jicho la maji. Bahari yetu ni safi, nimekulia ndani yake, lakini siku zote kuna kitu kinaelea, vumbi, samaki, mwani. Mle hamna kitu. Niliweka uso chini na kuona miamba iliyo mbali sana mbele yangu, kila mpasuko wake, kama vile hakuna maji na mimi naning'inia hewani. Buluu yake inaingia mpaka rohoni. Kuta za ufa zilisimama kulia na kushoto, na mahali fulani zilikaribiana, nikanyoosha mikono nikakaribia kuzigusa zote mbili. Kiongozi alikuwa ametueleza nchi kavu kwamba upande huu unakwenda zake Amerika na upande ule Ulaya, kidogo kidogo kila mwaka, wala hazitarudiana. Midomo iliuma, kisha ikafa ganzi. Kwa muda kama wa dakika tano nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena.

Halafu ule uzi ukashuka begani.

Nilijua papo hapo. Katika tangi la Xintang ulikuwa uzi, hapa ulikuwa kisu. Ulishuka mgongoni, ukazunguka kiuno, ukaingia mguu wa kushoto, na kila nilipopiga teke maji yalisogea ndani ya suti kama kiumbe kingine kimevaa na mimi. Ningepaswa kutoa ishara wakati ule ule. Nilikuwa nikiwafundisha watalii hilo kila siku ya Mungu: kitu kikienda vibaya, mwambie mwenzako mara moja. Lakini juu ya miamba nilimwona dada akitembea sambamba na sisi na kamera yake, na mteja pembeni yake. Nikajisemea, nikitoka sasa nitamwaibisha. Nikaendelea kuogelea. Nilifanya hivyo kwa ajili yake, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kiongozi ndiye aliyeniona nazama upande. Alinishika mkono na kunivuta mpaka kwenye ngazi za kutokea. Niliposimama, maji yalijaa miguuni na suti ikavimba magotini, nikashindwa kupanda. Walinivuta wawili. Taya lilikuwa linatetemeka, nataka kusema na maneno hayaji. Dada alikuja mbio. Alivua koti lake, akanifunika, akavisugua vidole vyangu ndani ya viganja vyake, na machozi yakimtoka.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, kaka'ngu. Nisamehe."

Hakusema pole. Kwetu mtu akiumia unampa pole, hata kama hukuhusika na lolote. Lakini mimi nilikuwa natetemeka tu, nani angepima maneno wakati ule? Nilichoona ni machozi yake, na nikafikiri, huyu ananipenda kama ndugu.

Kesho yake asubuhi, hotelini, alikuja na karatasi ya Kichina yenye mistari michache.

"Weka saini hapa chini. Ni ya bima, kama kifua kitakusumbua."

Vidole vyangu bado vilikuwa vizito. Nikaandika jina langu.

Tuliporudi Guangzhou laoban aliniita ofisini. Alizungumza haraka bila kunitazama, mkono wake ukikata hewa. Dada alisimama kati yetu. Nilimuuliza, "Anasemaje?"

"Anasema upumzike wiki mbili tatu. Afya kwanza. Atakuita."

Nikamshukuru laoban kwa Kichina changu kile kile cha sokoni. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyetukana akajibiwa asante.

Nilipumzika wiki mbili. Nikaongeza ya tatu. Nikimpigia dada ananiambia laoban yuko safarini, au karakana ina ukarabati. Wiki ya nne nilipanda basi mwenyewe kwenda Xintang kuchukua mapezi yangu na miwani ya maji, vitu nilivyotoka navyo Unguja.

Ayi alikuwa peke yake, wenzake wamekwenda kula. Aliponiona hakutabasamu. Alinishika mkono akanipeleka kwenye ukuta karibu na tangi. Pale palibandikwa karatasi, wafanyakazi wote waione. Nilitambua saini yangu kabla ya kitu kingine chochote.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

Alijaribu kunieleza, akaona sielewi, akatoa simu yake, akaielekeza kwenye karatasi na kubonyeza. Simu ikasoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka: "Mimi mzamiaji nathibitisha kwamba nimekagua nguo kavu na kufunga mnyororo wa kuvuta kwa mkono wangu. Kuingia kwa maji ni uzembe wangu. Kiwanda hakina kosa."

Mnyororo wa kuvuta, yaani zipu. Nilimwomba airudie. Akairudia.

Nikamuuliza habari ya zipu, kama aliibadilisha. Alifungua droo, akanionyesha ilivyo tupu. "Meiyou," alisema. Hakuna. Zipu mpya zilikuwa hazijafika hata siku ile tuliyoondoka. Alikuwa ameizungushia chaki suti ya kijivu kwa mara ya mwisho na kumwambia dada kwa mdomo wake, mbele ya laoban, kwamba haifai. Akanionyesha kwa vidole: walikuwa watatu, hapa, wamesimama hapa.

Nilirudi kuitazama karatasi. Sijui kusoma Kichina, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Juu, upande wa kulia, palikuwa na tarehe. Ilikuwa siku moja kabla hatujapanda ndege. Siku ile tuliyokunja suti na kuiweka sandukuni.

Nilikaa kwenye ukingo wa tangi. Ayi aliniletea maji ya moto kwenye kikombe cha bati, akasimama pembeni mpaka nikayamaliza.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa dada. Ilikuwa mchana, siku yake ya mapumziko. Alifungua mlango, akanitazama usoni, akajua. Hakunikaribisha kukaa wala mimi sikukaa.

"Nimetoka Xintang," nikasema.

"Laoban ndiye aliyeiandika ile karatasi."

"Na nani aliyeniambia ni ya bima?"

Alikuwa ameshika kitambaa cha jikoni, anakikunja na kukikunjua.

"Nilijua zipu ni ya zamani," alisema hatimaye. "Sikujua itavuja kiasi kile. Kwenye tangi ilikuwa kidogo tu. Nilisema labda itastahimili. Ningekwambia usingeingia."

"Nisingeingia. Ndiyo."

"Basi. Na mteja angeondoka, na mimi ningeondoka. Kibali changu cha kukaa nchi hii kinategemea kazi ile. Miaka kumi na moja niko hapa. Wewe ni mwanamume, umeshafunga mizigo, utafunga tena."

"Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wako tangu Guangzhou. Umenifunga zipu kwa mikono yako, umenipapasa mgongo, na karatasi iko mkobani."

"Nilidhani haitahitajika! Wallahi nilidhani nitaichana tukirudi."

"Ulinisomea hitma ya mamangu, dada."

Hapo ndipo alipolia. Nami nilimtazama akilia, nikagundua kwamba sijui tena machozi yake yana maana gani. Yanaweza kuwa ya kweli. Hata kule ufani huenda yalikuwa ya kweli. Hilo halikunisaidia kitu. Kama angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo ningerudi nyuma na kufuta kila kitu, nikasema nilidanganywa, yakaisha. Lakini mikeka ile aliitandika kweli. Chakula kile alikipika kweli.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?" aliniuliza.

"Ningekwambia."

"Unasema hivyo kwa sababu hujawahi kuwa mimi."

Nilishuka ngazi, na sikurudi tena pale.

Niliandika barua pepe kwa yule mteja wa Aislandi. Kiingereza changu cha utalii kilinitosha. Nilimweleza zipu, chaki ya ayi, karatasi, tarehe. Nilitaka mtu mmoja tu duniani ajue kwamba sikuwa mzembe, maana kwa mpiga mbizi jina ndilo linalompa kazi. Jibu lake lilikuja baada ya siku mbili, fupi kama yeye mwenyewe. Alisema walimtumia tafsiri ya ile karatasi na hakuiamini hata dakika moja. "Zipu iko mgongoni," aliandika, "na mimi nilikuwa nimesimama pale nikiona nani anaifunga." Siku ile ile niliyotolewa majini alikuwa ameshawaambia hatanunua.

Nilisoma barua hiyo nikiwa kwenye kituo cha basi, na badala ya kufarijika niliacha basi langu likapita. Kumbe karatasi haikuokoa chochote. Mteja alikuwa ameshakwenda zake. Dada aliniuza na hakuna aliyenunua.

Laoban aliacha habari za suti na kurudi kwenye jinzi. Ayi amebaki pale pale, anashona mifuko ya nyuma ya suruali. Nilipokwenda kumwona aliniambia hajutii suti kuachwa, na kwamba sasa anaweza kula chungwa bila kusikia ladha ya gundi. Mimi nilipata kazi katika ofisi ya mizigo ya Mtanzania mmoja, nakagua marobota kabla hayajaingia kwenye kontena. Siku za mapumziko nafundisha kuogelea kwenye bwawa moja la jiji, akina mama wengi, watu wanaoogopa maji. Nawafungia kamba za miwani yao kisogoni, na wanasimama kimya kunisubiri nimalize.

Dada alipoteza kazi, lakini si kibali. Alipata mwajiri mwingine upesi. Najua kwa sababu nimemwona. Ilikuwa mtaa wa Guangyuan Xilu, ghorofa ya tatu ya jengo la nguo, nimetumwa kuthibitisha mzigo wa magauni. Alikuwa amenipa mgongo, kati ya muuzaji wa Kichina na mama mmoja wa Dar es Salaam aliyevaa baibui, mgeni kabisa, mkoba ameukumbatia kifuani. Muuzaji alisema kitu haraka haraka. Kichina changu kimekua tangu wakati ule, nilikisikia chote. Alikuwa anasema rangi ya kitambaa itachuja kwenye maji, lakini mteja asiambiwe.

Nilisimama nyuma ya rundo la magauni.

"Mama," dada alimwambia, "anasema rangi hii inachuja, na ameniomba nisikwambie. Usiichukue. Twende duka la pili."

Yule mama alimshukuru sana, akamshika mkono. Wakapita karibu yangu wakielekea kwenye ngazi, dada akimwonyesha njia, wala hakuniona. Nami nilibaki pale na orodha ya mzigo mkononi, mpaka muuzaji akaniuliza mara mbili nataka nini.